Mgongo wazi: Kinga huanza kabla ya mimba kutungwa

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea na makala haya, nakuomba uingie jikoni uchukue pakiti ya unga wa ugali au wa chapati iliyonunuliwa dukani juma hili. Usitazame bei wala jina la kampuni. Igeuze upande wa pili, pale palipochapishwa maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuna habari nayo. Ikiwa unga huo umerutubishwa jinsi sheria inavyotaka, utaona orodha ya madini na vitamini: chuma, zinki, vitamini A, vitamini kadhaa za jamii ya B, na miongoni mwazo jina moja geni kidogo, asidi ya foliki.

Je, kwa nini msagishaji alazimishwe kutia kitu hicho katika unga wa mwananchi? Chuma twakijua, ni cha damu. Vitamini A ni ya macho. Asidi ya foliki nayo husaidia kutengeneza damu, lakini sababu kubwa iliyowafanya wataalamu kuipigania hadi ikafika katika sufuria yako ni mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, kwa maana kinga yake ni rahisi, bei yake ni ndogo, na bado watoto wanazaliwa wakiwa wameikosa.

Mgongo wazi ni nini?

Bila shaka umewahi kumwona mtoto aliyezaliwa na uvimbe kama kifuko katikati ya mgongo, au kidonda kilicho wazi pale kiunoni. Huo ndio ugonjwa unaoitwa mgongo wazi. Mifupa ya uti wa mgongo haikufunga sawasawa, na neva zilizopaswa kulindwa ndani yake zikatokeza nje. Mara nyingi miguu ya mtoto huyo huwa dhaifu au imepooza, na hawezi kuzuia mkojo wala choo. Wengi wao pia hupata tatizo la maji kujaa ndani ya ubongo, kichwa kikawa kikubwa kupita kiasi.

Kuna ndugu wa ugonjwa huo aliye mkali zaidi. Katika hali hiyo sehemu ya juu ndiyo iliyoshindwa kufunga, na mtoto huzaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo na fuvu la kichwa. Watoto hao huzaliwa wafu, au huishi saa au siku chache tu.

Wataalamu wanakadiria kwamba katika mwaka wa 2015 pekee, mimba zaidi ya 260,000 ulimwenguni zilipatwa na kasoro za aina hii. Si balaa la nchi moja wala kabila moja. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa nayo, takriban 95 hutoka katika familia ambazo hazijawahi kuiona. Kwa hivyo asijidanganye mtu akasema, "Kwetu hatuna hayo."

Mlango unaofungwa mapema

Ili kuelewa kiini cha jambo lenyewe, yafaa tujue mgongo hutengenezwa vipi. Siku chache baada ya mimba kutungwa, kiinitete huwa kitu kidogo, bapa kama jani. Juu yake hutokea mfuo. Kingo mbili za mfuo huo huinuka, zikasogeleana, kisha zikashikana zikawa mrija, kama vile fundi cherehani anavyokunja kitambaa akakishona pindo. Mrija huo ndio unaogeuka kuwa ubongo kule juu, na neva za uti wa mgongo huku chini. Mshono ukiachia juu, ubongo hautengenezeki. Ukiachia chini, ndio mgongo wazi.

Sasa zingatia hesabu hii, hasa wewe dada unayeisoma. Kazi hiyo yote ya kushona huwa imekwisha kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Mwanamke ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28 hushika mimba takriban siku ya 14. Siku anayotazamia hedhi asiione, kiinitete kina umri wa majuma mawili tayari. Akikaa juma moja akidhani ni uchovu wa kazi au wasiwasi wa mtihani, kisha akakaa la pili ndipo aende duka la dawa kununua kifaa cha kupimia mkojo, siku 28 zimetimia. Mlango umekwisha kufungwa, ama vizuri ama vibaya, naye ndiyo kwanza anapata habari kwamba ni mja mzito.

Kisha tazama mazoea yetu. Mama huenda kliniki kwa mara ya kwanza lini? Walio wengi hungoja tumbo lianze kuonekana, mwezi wa nne au wa tano. Huko hupimwa damu na mkojo, akapewa vidonge vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, naye akarudi nyumbani akijua amekingwa. Hii si kusema kwamba vidonge hivyo havina kazi. La hasha! Vinazuia upungufu wa damu, ambao huwaua kina mama wengi wakati wa kujifungua, na kila mja mzito avimeze hadi mwisho. Lakini kwa mgongo wa mtoto, kidonge hicho kimefika miezi mitatu baada ya fundi kufunga kazi.

Ndiyo maana nasema kinga ya mgongo wazi huanza kabla ya mimba. Mwanamke anatakiwa awe na asidi ya foliki ya kutosha mwilini siku ile mimba inapotungwa, na hiyo ni siku ambayo hakuna ajuaye ni ipi.

Walijuaje?

Huenda ukauliza, msomaji, ni nani aliyegundua kwamba vitamini ndogo namna hiyo yaweza kuushona mgongo wa mtoto. Hadithi yake ni ndefu, na inaanzia Bara Hindi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari mmoja mwanamke kutoka Uingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wanawake waja wazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu. Aligundua kwamba walipona walipokula Marmite, ule ugiligili mweusi wa hamira ambao Waingereza hupaka mkate. Akaandika matokeo yake mwaka wa 1931, ijapokuwa hakujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiponya. Mwaka wa 1941 wanasayansi wa Marekani walikitoa kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Mwaka wa 1965 madaktari wawili wa Liverpool, Elizabeth Hibbard na Richard Smithells, waliona kwamba kina mama waliozaa watoto wenye mgongo wazi walikuwa na dalili za upungufu wa vitamini hiyo kuliko kina mama wengine. Wengi hawakuwaamini. Ilibidi ufanywe utafiti mkubwa wa kukata mzizi wa fitina.

Utafiti huo uliongozwa na Nicholas Wald wa London na ukatangazwa mwaka wa 1991. Ulihusisha wanawake 1,817 katika nchi saba, ambao kila mmoja alikuwa amewahi kupata mimba yenye kasoro hiyo na sasa alitaka kuzaa tena. Wengine walipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, wengine hawakupewa. Ulipositishwa, kasoro 27 zilikuwa zimetokea. Kati ya hizo, 21 zilikuwa upande wa wale ambao hawakupewa, na 6 tu upande wa waliopewa. Ulisitishwa mapema kwa kuwa matokeo yalikuwa wazi, na haikuwa haki kuendelea kuwanyima nusu ya kina mama dawa iliyokwisha kujulikana kwamba inafaa.

Je, na mwanamke ambaye hajawahi kupatwa na jambo hilo? Jibu lilitoka Uchina. Kati ya mwaka wa 1993 na 1995 wanawake karibu robo milioni walifuatiliwa huko, na walioshauriwa kumeza kidonge walipewa mikrogramu 400 kwa siku, yaani uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Katika sehemu za kaskazini, ambako watoto karibu 5 katika kila 1,000 walikuwa wakizaliwa na kasoro hiyo, idadi ilishuka hadi mtoto 1 katika kila 1,000 miongoni mwa waliomeza.

Laana au jeni?

Hapa ndipo panapohitaji tusemezane kwa upole, kwa sababu mtoto wa aina hii anapozaliwa, vidole vyote humwelekea mama. Atasemwa alikula kisichofaa, alivunja mwiko, alitoka nje ya ndoa, au kwao wana laana. Wako kina mama waliorudishwa kwao na mtoto mgongoni. Wako waliomficha mtoto chumbani miaka na mikaka, majirani wasijue kwamba kuna mtoto katika nyumba hiyo.

Utafiti wa miaka ya karibuni umetupatia jambo la kuwajibu wenye kusema hivyo. Mwaka wa 2024 wanasayansi wakiongozwa na Joseph Gleeson wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego walieleza kwamba mtoto anayekosa kipande kidogo cha kromosomu nambari 22 huwa katika hatari ya kupata mgongo wazi mara zaidi ya 10 kuliko wengine. Hata hivyo wengi wa wanaokosa kipande hicho huzaliwa na mgongo mzima. Walipojaribu kwa panya waliona kwamba upungufu wa asidi ya foliki katika lishe ya mama ulizidisha hatari hiyo. Kwa maneno mengine, jeni huweka kuni, nayo lishe huweza kuwasha au kuzima moto.

Mwaka wa 2025 kundi hilo hilo la utafiti likatoa matokeo ya kuchunguza jeni za watoto 851 wenye mgongo wazi pamoja na za baba na mama zao. Zaidi kidogo ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na badiliko la jeni lenye uwezo wa kudhuru, ambalo halikuwa kwa baba wala kwa mama. Lilizuka upya. Ni kama mwandishi anayenakili kitabu kirefu herufi kwa herufi, akakosea herufi moja tu. Nani wa kulaumiwa hapo? Ukoo wa mama hauhusiki, ukoo wa baba hauhusiki, na jirani mwenye kijicho hahusiki hata chembe.

Aidha, yapo mambo mengine yanayoongeza hatari: kisukari kisichotibiwa vizuri, unene wa kupindukia, homa kali siku za mwanzo za mimba, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa ile iitwayo valproeti. Dada mwenye kifafa asiache dawa kwa kusoma gazeti, maana kifafa nacho huua. Amwone daktari wake kabla ya kupanga kuzaa, wazungumze kuhusu kubadilisha dawa.

Nami niseme wazi kwamba asidi ya foliki haizuii kasoro zote. Kuna mama atakayemeza kidonge kila siku, akala mboga, asikose kitu, na bado akamzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Mama huyo hana kosa. Na yule ambaye hakumeza kwa kuwa hakuna aliyemwambia, naye pia hana kosa. Kosa ni letu tunaojua tukanyamaza.

Safari ya unga

Kwa kuwa mimba nyingi huja bila kupangwa, wataalamu waliona kwamba kungoja kila mwanamke akumbuke kidonge hakutoshi. Heri vitamini imfuate katika chakula anachokula kila siku. Marekani iliwalazimisha wasagishaji wake kutia asidi ya foliki katika unga wa ngano na nafaka nyingine kuanzia mwaka wa 1998, na inakadiriwa kwamba watoto wapatao 1,300 huepushwa na kasoro hizi kila mwaka nchini humo. Afrika Kusini ilianza mwaka wa 2003 kwa ngano na mahindi, na kasoro za mrija wa neva zikapungua kwa karibu theluthi moja.

Kenya haikubaki nyuma sana. Tangu mwaka wa 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uwe umerutubishwa. Uingereza, ambayo ndiyo iliyoongoza ule utafiti wa mwaka wa 1991, ilivuta miguu miaka 33. Ni mwaka wa 2024 tu ilipotunga sheria ya kutia asidi ya foliki katika unga mweupe wa ngano, na wasagishaji wakapewa hadi Desemba 2026 kutimiza. Mwaka wa 2023 nao, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kurutubisha vyakula ili kuzuia mgongo wazi na upungufu mwingine wa vitamini.

Hata hivyo, sheria ina mianya yake. Huko Marekani sheria ya mwaka wa 1998 haikugusa unga wa mahindi ambao watu wenye asili ya Mexico na nchi jirani hupikia chapati zao. Matokeo yake ni kwamba miaka nenda miaka rudi, kina mama hao wameendelea kuzaa watoto wenye kasoro hizi kuliko wenzao. Ni mwaka wa 2024 ambapo jimbo la California lilitia saini sheria ya kuufikia unga huo, ianze kutumika Januari 2026.

Nasi tuna unga wetu uliosahaulika. Fikiria ni familia ngapi, mashambani na hata mitaani humu jijini, zinazopima mahindi kwa gorogoro zikaenda kusagisha posho mili. Unga huo ni mtamu, ni wa bei nafuu, na una faida zake, lakini hakuna mtu anayetia asidi ya foliki pale. Kwa hivyo yule anayeambiwa na wauzaji kwamba unga wa pakiti una kila kitu, na yule asiyeweza kuununua, hawako sawa mbele ya siku zile 28. Tena hata kwa pakiti, kuandika ni jambo moja na kutia ni jingine. Ni wajibu wa wakaguzi kupima unga ulio madukani mara kwa mara na kuutangazia umma matokeo, kwa sababu mimi na wewe hatuwezi kuionja vitamini kwa ulimi.

Baadhi ya watafiti sasa wanatazama chumvi. Chumvi yetu tayari hutiwa madini ya joto ili kuzuia rovu, na hakuna nyumba isiyonunua chumvi, iwe tajiri au maskini. Mwaka wa 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio dogo katika vijiji vinne vya kusini mwa India, ambako wanawake 83 walipewa chumvi iliyotiwa madini ya joto pamoja na asidi ya foliki kwa miezi minne. Kiwango cha vitamini hiyo katika damu yao kilipanda sana. Jaribio ni dogo, lakini ni njia ambayo nchi kama yetu ingefaa kuifuatilia.

Mtoto akisha kuzaliwa

Ikiwa jambo limekwisha kutokea, msikate tamaa. Mtoto aliyezaliwa na kidonda wazi mgongoni afunikwe hapo kwa kitambaa safi chenye maji maji ya dawa hospitalini, alazwe kifudifudi au kwa ubavu, na apelekwe haraka kwa daktari wa upasuaji. Kidonda hicho kikifungwa katika siku mbili tatu za kwanza, hatari ya viini kupanda hadi kwenye ubongo hupungua sana. Msimpake majani wala mavi ya ng'ombe, wala msingoje arobaini. Hapa nchini hospitali ya Kijabe imewatibu watoto wa aina hii kwa miaka mingi, na pia Hospitali Kuu ya Kenyatta huwapokea.

Kuhusu kichwa kujaa maji, tiba ya siku nyingi ni kuingiza mrija mwembamba wa kuyatoa maji kichwani hadi tumboni. Shida yake ni kwamba mrija huziba au hupata viini, na mtoto aishiye mbali na hospitali huweza kufa kabla ya kufikishwa. Ng'ambo tu ya mpaka wetu, huko Mbale nchini Uganda, daktari Mmarekani Benjamin Warf, aliyefika mwaka wa 2000, alibuni njia ya kuunganisha upasuaji wa aina mbili: kutoboa kitundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia yake, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Njia hiyo huweza kumwepusha mtoto na mrija. Mwaka wa 2017 yalitangazwa matokeo ya kuilinganisha na mrija kwa watoto 100 wa Mbale waliojaa maji kichwani baada ya maambukizi, na mwaka mmoja baadaye makundi yote mawili yalikuwa yakiendelea karibu sawa. Madaktari wa Marekani na kwingineko wamejifunza mbinu hiyo kutoka Mbale. Msomaji, si kila siku elimu ya tiba husafiri kutoka kwetu kwenda kwao.

Katika nchi tajiri wamefika mbali zaidi, hadi kumfanyia mtoto upasuaji angali tumboni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba watoto waliofungwa mgongo kabla ya majuma 26 ya mimba walihitaji mrija wa kichwani 40 kwa 100, ilhali waliofanyiwa upasuaji baada ya kuzaliwa walikuwa 82 kwa 100. Walioweza kutembea peke yao pia walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji wakiwa tumboni. Ni upasuaji wa gharama na una hatari kwa mama. Ukiulinganisha na kidonge cha mikrogramu 400, utaona ni upande upi mwananchi wa kawaida angepaswa kuelekeza nguvu zake.

Mtoto aliyetibiwa mapema aweza kwenda shule, kusoma na kufanya kazi kama wenzake. Wazazi hufundishwa kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku ili figo zake zisiharibike, na akikua hujifanyia mwenyewe. Walimu, mkipata mwanafunzi wa namna hii, mpeni ruhusa ya kwenda msalani bila kumhoji mbele ya darasa, na mumweke mbali na baluni na vitu vingine vya mpira wa asili, kwani wengi wao miili yao huvikataa.

La kufanya

Nimalizie kwa kumpa kila mtu nyumbani sehemu yake.

Wewe mwanamke unayeweza kushika mimba, uwe umepanga au hujapanga, mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku zakutosha. Anza angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mtoto, uendelee hadi miezi mitatu ya kwanza ipite. Vidonge vyake si ghali, uliza katika kituo cha afya au duka la dawa. Ikiwa umewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, hatari ya kurudia ni kati ya 2 na 3 kwa 100, na kipimo chako ni kikubwa mara 10, yaani miligramu 4 kwa siku. Hicho huandikwa na daktari. Usimeze vidonge 10 vya kawaida kwa kujipimia.

Wewe unayepika, usisahau kunde, mchicha, sukuma wiki, maharagwe, ndengu na machungwa. Mboga zisitokoswe hadi zikawa nyeusi, kwa maana moto mwingi huiharibu vitamini hii. Maini yana asidi ya foliki nyingi, lakini yana vitamini A nyingi kupita kiasi kwa mja mzito, kwa hivyo yeye ayale mara chache. Hata ukila hivyo vyote, kidonge bado kina nafasi yake.

Wewe mwanamume, usiseme hili ni la wanawake. Vidonge vya miezi mitatu havifiki bei ya mechi mbili unazotazama nje ya nyumba pamoja na vinywaji vyake. Na ikiwa Mungu amewapa mtoto mwenye kasoro, simama na mkeo mbele ya ndugu zako. Sasa una la kuwajibu.

Shangazi, nyanya, somo na kungwi, ninyi ndio mnaokaa na bwana harusi na bibi arusi kabla ya sherehe. Miongoni mwa mafunzo mnayowapa, ongezeni hili moja. Hata ile karamu ya akina dada ya kumpa biarusi vyombo vya jikoni, pakiti ya vidonge hivi ikitiwa ndani ya sufuria haitampunguzia heshima mtu yeyote.

Nanyi wanafunzi, mmejifunza darasani jinsi kiinitete kinavyokua, na mkajibu swali hilo katika mtihani mkapata alama. Ichukueni hesabu ya siku 28 mwende nayo nyumbani likizo hii. Mwelezeni dada yenu aliyeolewa juzi, mwelezeni na jirani anayesagisha posho mili. Huenda kuna mtoto ambaye hajaja duniani, na atatembea kwa miguu yake kwa sababu mlisema.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.